Hiari na Ulazima katika Elimu ya Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa skuli na vyuo vya Unguja na Pemba huyarudia kila wafikapo kwenye mada ya hiari ya binadamu, pamoja na yale yanayozuka barazani watu wakizungumza umaskini, ndoa, siasa au vijana. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali. "Hiari" hapa ni uwezo wa mtu kuamua na kutenda. "Ulazima" ni ile rai kwamba matendo ya watu yameshaamuliwa na sababu zilizowatangulia.

## Mwanzo wa jambo

1. Mjadala wenyewe ni upi?

Ni mjadala juu ya chanzo cha matendo ya watu. Kijana wa Kojani anamfuata baba yake dago, anavua mbali na kwao kwa wiki kadhaa, na mwisho anakuwa mvuvi. Je, ameamua kuwa mvuvi, au kuzaliwa kisiwa kile, katika nyumba ile, kulishamaliza shauri kabla hajaanza kufikiri?

Wenye rai ya ulazima wanasema mazingira, uchumi, ukoo na malezi ndivyo vinavyotenda, na mtu ni pahala tu vinapopitia. Mfaransa Laplace aliandika mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua hali ya kila kitu kwa wakati mmoja ingeweza kuyajua yote yajayo. Wenye rai ya hiari wanasema mtu huyo huyo, katika hali hiyo hiyo, angeweza kufanya vyengine.

Baina yao wapo wengi, na hao ndio wanaotusaidia zaidi. Karl Marx, ambaye watu humweka upande wa ulazima bila ya kusita, aliandika mwaka 1852 kwamba watu hujitengenezea historia yao wenyewe, ila si katika hali walizozichagua wao.

2. Kwa nini mwanafunzi wa jamii ajisumbue na swali la wanafalsafa?

Kwa sababu kila maelezo ya jamii yana msimamo ndani yake, mwandishi akijua asijue. Uchunguzi wa bajeti za kaya umekuwa ukiionesha Wilaya ya Micheweni kuwa miongoni mwa wilaya maskini zaidi Zanzibar. Atokee mtu aseme "watu wa kule hawataki kusomesha watoto": mzigo wote kauweka kwenye hiari. Mwengine aseme "ardhi ya mawe na uhaba wa kazi ndivyo vilivyowafikisha hapo": mzigo wote kauweka kwenye hali. Wa kwanza atapendekeza mihadhara ya kuhamasisha. Wa pili atapendekeza walimu, barabara na mikopo. Pesa za umma zinafuata jibu la swali ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitamka.

3. Haya si mambo ya Ulaya tu?

Si ya Ulaya tu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika utangulizi wake mkubwa wa historia mwaka 1377, zaidi ya karne nne kabla ya sosholojia kupata jina. Alisema dola huinuka kwa asabia, yaani ule mshikamano unaowafunga watu wa ukoo na waliojiunga nao, kisha asabia ile hulegea kwa starehe za mjini, na kwa kawaida dola haivuki vizazi vitatu. Hiyo ni rai yenye ulazima mwingi, na imeandikwa kwa Kiarabu na kadhi wa Kiislamu. Kuhusu kadari, soma swali la 4.

4. Kama kila kitu ni kadari ya Mwenyezi Mungu, elimu ya jamii ina kazi gani?

Hapa kwetu hili huulizwa kuliko maswali mengine yote, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Elimu ya jamii haishindani na nguzo hiyo, kwa sababu haiulizi nani aliyekadiria. Inauliza jambo limepitia njia gani hadi likatokea: bei gani, sheria gani, desturi gani, uamuzi wa nani.

Wanazuoni wenyewe walilijadili suala hili mapema. Jabria walisema mja hana uwezo wowote juu ya tendo lake. Kadaria walisema mja ndiye mwenye kulileta tendo lake mwenyewe. Imamu al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, alishika njia ya kati: Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa tendo, mja ndiye anayelichuma, na kwa kulichuma huko ataulizwa. Ibadhi, madhehebu ya masultani waliotawala Zanzibar, nao wako karibu na hapo. Kwa hiyo mafunzo ya dini yaliyoenea visiwa hivi hayakuwahi kumfundisha mtu kukunja mikono.

Kipo kisa kinachojulikana na kila aliyekaa darsani. Sayyidna Umar alikuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Imani yake haikumzuia kugeuza msafara.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu neno "imeandikwa" hutumiwa kufunga maswali yasiyopaswa kufungwa. Mama anafariki kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, na watu wanasema siku yake imefika. Ni kweli, imefika. Bado inabaki kuulizwa gari lilichelewa wapi, damu ilikuwepo au haikuwepo, na nani aliyetakiwa kutoa ruhusa ya kumpeleka hospitali.

## Takwimu, kawaida na utabiri

5. Kama kila mtu anaamua mwenyewe, mbona takwimu za jamii hufanana mwaka hadi mwaka?

Tazama harusi zetu. Ramadhani ni nadra kusikia harusi. Shaaban na mfunguo mosi, kumbi zinagombaniwa, wapambaji hawapatikani, na mpishi wa biriani anatoka nyumba hii anaingia ile. Ulizia kila familia, itakwambia imepanga tarehe yake wenyewe: mjomba anakuja kutoka Muscat, bwana harusi kapata likizo, ukumbi umepatikana. Wote wanasema kweli. Na bado, ukizihesabu harusi zote, umbo lile lile linarudi kila mwaka wa Kiislamu.

Mbelgiji Quetelet alishangazwa na jambo la namna hii mwaka 1835 alipoona idadi ya makosa ya jinai Ufaransa ikifanana mno mwaka kwa mwaka. Mwanasosholojia Mfaransa Durkheim alilipeleka mbali zaidi mwaka 1897, alipoonesha kwamba hata kujiua, tendo tunaloliona la faragha kuliko yote, kuna viwango vyake vinavyotofautiana baina ya jamii na jamii na havibadiliki sana ndani ya jamii moja.

Wengi huruka kutoka hapo na kusema hiari ni ndoto. Harusi zinaonesha kosa la mruko huo. Umbo linarudi kwa sababu watu wanaamua ndani ya kalenda moja, gharama zinazofanana na matarajio yanayofanana. Kawaida inayoonekana kwenye hesabu haijamwamuru mtu yeyote.

6. Takwimu zinaweza kuniambia mtu fulani atafanya nini?

Hapana. Kiwango cha kundi ni sifa ya kundi. Ukijua kwamba watoto wengi wa kijiji fulani huacha skuli baada ya kidato cha pili, hujajua lolote la hakika kuhusu mtoto aliyekaa mbele yako. Kosa hili ndilo lililo ndani ya maneno "Wapemba ndivyo walivyo" na "watu wa mjini ndivyo walivyo", na linaudhi zaidi likitoka kwa mtu aliyesoma.

7. Kwa nini elimu ya jamii haitabiri kama wanavyotabiri wa hali ya hewa?

Mvua haisikilizi redio. Watu wanasikiliza. Ikivuma wiki mbili kabla ya Ramadhani kwamba sukari itaadimika, kila nyumba hununua kilo za ziada, mwenye duka huficha gunia akingoja bei, na sukari huadimika kweli. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton alilieleza jambo hili mwaka 1948: utabiri wa uongo mwanzoni huwa kweli kwa sababu watu wameuamini. Huenda pia kinyume chake. Serikali ikisikia uvumi ule mapema ikaleta shehena, utabiri unakufa.

Mwanafalsafa Karl Popper aliongeza hoja nyengine mwaka 1957. Mwendo wa jamii unategemea sana maarifa mapya, na maarifa ya kesho hatuwezi kuyajua leo, kwani tungeyajua yangekuwa ya leo. Hoja hiyo inawapinga wanaodai wamegundua njia moja ambayo historia yote lazima iipite. Haiwapingi wanaosema tu kwamba bei ya karafuu ikipanda, watu wengi zaidi watasafisha mashamba yao.

## Historia ya visiwa vyetu

8. Si mazingira ndiyo yaliyoiamulia Pemba kuwa kisiwa cha karafuu?

Kuna ukweli mkubwa. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa salama. Baada ya hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Huwezi kuandika historia ya visiwa hivi ukauacha upepo ule.

Lakini mkarafuu wenyewe si mti wa asili yetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, uliletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, na mashamba yalienea chini ya Sayyid Said kwa nguvu za watumwa. Kila hatua ni uamuzi wa watu waliotazama faida. Tofauti ya Pemba na Unguja pia ipo kwenye umiliki: Pemba wenyeji wengi walipata mikarafuu yao wenyewe pembeni ya ile ya Waarabu, ilhali Unguja sehemu kubwa ya mashamba ya karafuu ilishikwa na wachache. Wanahistoria huitumia tofauti hiyo kueleza kwa nini siasa za visiwa viwili hazikufanana katika miaka ya 1950. Upepo unaeleza mti ulisimama wapi. Hauelezi mti ulikuwa wa nani.

9. Mtumwa alikuwa na hiari gani?

Ndogo sana, na ni wajibu kusema hivyo kabla ya kusema chengine chochote. Anayehubiri kwamba hiari ni sawa kwa kila mtu aende akasimame Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, aliseme hapo.

Lakini hata pale haikuwa sifuri, na kinachofuata ndicho kinachonifanya nilipende somo hili. Amri ya mwaka 1897 ilifuta hadhi ya utumwa kisheria, ila uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alitakiwa aende akauombe, na aoneshe kwamba ana pa kukaa na cha kumlisha, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Wakoloni walitarajia walioachwa huru wageuke vibarua wa kila siku kwenye mashamba ya karafuu. Wengi hawakukubali. Walibaki kwenye ardhi ya mabwana wao wa zamani kwa mapatano mapya, wakalima muhogo na mboga zao, wakachuma karafuu msimu ukifika kwa malipo ya pishi, na siku nyengine wakafanya yao. Wengine walihamia Ng'ambo ya mji. Wanawake waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanga, na baadaye buibui, mavazi yaliyotangaza kwamba hawamilikiwi tena.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuvunja mfumo wa mashamba. Wote kwa pamoja waliulazimisha ubadilike. Maofisa waliwaita wavivu, nalo ni neno ambalo mtafiti akilikuta kwenye nyaraka anapaswa kusimama alitazame vizuri (tazama swali la 17).

10. Siti binti Saad si ushahidi kwamba ukitaka, unaweza?

Ni ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa iliyoishi kwa kufinyanga vyungu. Akaingia mjini, akajifunza, akaimba taarab kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodiwa santuri. Sauti ile, ujasiri ule na kuvumilia kejeli juu ya asili yake vilikuwa vyake mwenyewe.

Lakini alipofika mjini, Ng'ambo ilikuwa imejaa watu wa asili kama yake, wenye kiu ya kusikia mambo yao kwa lugha yao. Mwaka ule ule wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Kampuni za santuri nazo zilikuwa zinatafuta soko jipya. Angezaliwa miaka 50 kabla, sauti ile ile isingetoka kwenye ua wa bwana wake. Na wafinyanzi wenzake waliokuwa na vipaji, ambao hatujui hata majina yao, hawakukosa kutaka.

11. Mapinduzi ya 1964 yalikuwa lazima yatokee?

Tenganisha maswali mawili. La kwanza: kwa nini palikuwa na hasira? La pili: kwa nini ilikuwa usiku ule, na kwa nini yalifanikiwa?

Sababu za hasira ni ndefu. Ardhi, kumbukumbu ya utumwa, ubaguzi wa kazi na elimu, mgomo mkuu wa 1948 ulioanzia bandarini, na kampeni za uchaguzi zilizowagawa watu hadi madukani na misikitini. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikipa chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31. Vyama vilivyoshindana nacho, ZNP na ZPPP, kwa viti vyao 18, vikaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963 juu ya hesabu hiyo. Aliyetabiri misukosuko hakuhitaji kuwa mnajimu.

Sababu za kufanikiwa ni fupi na zina majina ya watu ndani yake. Serikali mpya iliwaondoa kazini polisi wengi waliotoka bara, na baadhi yao wakajiunga na waliopanga uasi. Ghala za silaha za Ziwani na Mtoni zilikuwa na ulinzi mdogo usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari. Polisi wangebakishwa kazini, au Ziwani ingestahimili hadi alfajiri, leo tungekuwa tunasoma historia nyengine, pengine ya mapatano, pengine ya mapigano marefu zaidi. Hasira isingeondoka, lakini isingekuwa na lazima ya kutokea kwa mlango ule.

Mwanafalsafa Isaiah Berlin alisema mwaka 1953 kwamba anayeiita historia ya lazima anaondoa lawama kwa kila mtu aliyekuwamo. Kwetu hili si jambo la vitabuni. Watu wengi waliuawa siku zile, na familia zao zipo. Kusema "ilikuwa lazima" kunawapunguzia dhamana waliokataa kugawana madaraka kabla yake, na kunawapunguzia pia waliowaua majirani wasio na hatia. Mimi siukubali msamaha huo wa pande zote mbili.

## Maisha ya leo

12. Wanawake wanaolima mwani wamechagua au wamelazimika?

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, vijiji kama Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima wengi mno ni wanawake. Kazi inakwenda na maji: bamvua ikiingia na maji yakatoka mbali, wanateremka na vijiti, kamba na magunia, wanafunga vishada kimoja kimoja kwenye kamba iliyotandazwa baina ya vijiti viwili, migongo imeinama, jua utosini. Maji mafu hakuna kwenda. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanabeba, wanaanika, na wanauza kwa kilo kwa mnunuzi ambaye ndiye mwenye kutaja bei.

Orodhesha vinavyowabana: mwezi, mnunuzi, uhaba wa kazi nyengine kijijini, majukumu ya nyumbani yasiyopungua kwa sababu mama amerudi pwani amechoka. Ongeza joto la bahari. Kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, inakufa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata moto, na kuipeleka kwenye kina kirefu kunataka ngalawa au boti na kujua kuogelea, mambo ambayo wasichana wa pwani hawakufundishwa ingawa kaka zao walifundishwa.

Sasa orodhesha walichofanya. Baadhi ya waume walipinga mwanzoni, wake zao wakaenda. Walianza kushika pesa zao wenyewe, wakanunua sare za skuli, mabati, vitanda, vyombo. Bei ilipoporomoka wanaume waliokuwamo wakatoka, wanawake wakabaki, kisha baadhi wakaanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni ili wasimtegemee mnunuzi mmoja. Nafasi ya mke katika mazungumzo ya nyumbani ilibadilika kwenye vijiji hivyo, na hakuna sheria wala mhadhara ulioibadilisha.

Anayesema "wamelazimika" anaipoteza orodha ya pili. Anayesema "wamechagua" anamwondolea mnunuzi na serikali orodha ya kwanza. Ukitaka jibu la maneno machache: wamechagua, kati ya njia chache mno, na uchaguzi wao umezidisha njia za binti zao.

13. Kijana aliyeingia kwenye unga alaumiwe nani?

Barazani kuna kambi mbili. "Kajitakia mwenyewe," wanasema hawa. "Ni maradhi, ni ukosefu wa kazi, ni marafiki," wanasema wale. Ukweli ni kwamba Zanzibar iko kwenye njia ya baharini inayopitisha heroini, na bidhaa ikipita pahala, sehemu yake hubaki. Kijana wa mtaa ambao unga unauzwa kichochoroni anakutana na kishawishi ambacho mwenzake wa kijiji cha mbali hakioni. Hilo halina mjadala. Na bado, katika maskani ile ile, vijana wa umri mmoja, mmoja kavuta na mwengine hakuvuta.

Nenda ukasikilize kwenye soba hausi zetu, nyumba wanamokaa wanaoacha unga. Nyingi zinafuata mpango wa hatua 12, na hatua ya kwanza ni kukiri kwamba huna nguvu mbele ya uraibu wako. Hatua zinazofuata zinakutaka ufanye mambo: ujihesabu, umwendee uliyemkosea, umlipe kinacholipika. Watu wale wanakaa ndani ya hiari na ulazima kwa wakati mmoja kila asubuhi, na wanasema hakuna kilichowasaidia mpaka walipoyakubali yote mawili. Sijaona darasa linalolifundisha jambo hili vizuri kuliko wao.

14. Kueleza sababu si kumtetea mkosaji?

Hapana. Hakimu anayejua kwa nini mwizi aliiba bado anaweza kumhukumu, na atamhukumu vizuri zaidi. Maelezo huongeza idadi ya wanaopaswa kuulizwa, hayamfuti wa kwanza. Mfano mzito zaidi uko swali la 11.

15. Ninavyovipenda na kuviona vya kawaida, si malezi tu?

Kwa sehemu kubwa. Kijana wa kwetu akipita mbele ya baraza la wazee hupunguza mwendo, huinamisha kichwa kidogo, hutoa salamu, na hafikirii. Mwili wake umefundishwa. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, aliyeanza utafiti wake Algeria katika miaka ya 1950, alijenga nadharia nzima juu ya mazoea ya namna hii: jamii huingia ndani ya mtu kama ustadi, na mtu huitumia bila ya kujua kwamba ameifundishwa. Ndiyo maana wasichana wengi "hupenda wenyewe" ualimu na uuguzi.

Lakini ustadi si kasha la maagizo. Kijana yule yule akiwa na wazee wa aina nyengine, au kwenye mkutano ambao wazee ndio wanaolaumiwa, hubuni. Na aliyekwisha kuoneshwa kwamba jambo fulani ni mazoea tu, hawi tena kama alivyokuwa kabla ya kuoneshwa.

## Maswali magumu

16. Si wanasayansi wa ubongo wamethibitisha kwamba hiari haipo?

Jaribio linalotajwa sana ni la Benjamin Libet, 1983. Watu walitakiwa wasogeze mkono wakati wowote wapendao, na vipimo vilionesha ubongo ukijiandaa kiasi cha theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kusema amehisi kutaka. Ni jambo la kufikirisha kuhusu mkono. Uamuzi wa kuiweka rehani mikarafuu ya baba, au kumtoa binti skuli aolewe, huchukua miezi, unapita kwa shangazi na wajomba, unarudi nyuma, unapigiwa simu Oman. Jaribio lile halikuugusa.

17. Mtafiti naye kalelewa na jamii yake. Nadharia yake tuiamini vipi?

Kama tunavyoamini ushahidi wa mtu yeyote: kwa kuupima. Ofisa aliyeandika kwamba walioachwa huru ni wavivu alikuwa na shamba la kuhudumia na lengo la mavuno. Kulijua hilo hakufuti barua yake, kunatuambia neno lile linapima nini. Anayesema "kila rai ni zao la jamii, basi zote sawa" aulizwe kama rai yake hiyo nayo ni hivyo hivyo.

18. Ukurasa huu uko upande gani?

Upande wa wanaosema hiari ina kipimo. Hakuna aliye nayo yote, hakuna asiye nayo kabisa, na tofauti baina ya mtu na mtu, zama na zama, ndiyo mali ghafi ya elimu ya jamii. Swali "binadamu ni huru au si huru?" halina jibu la utafiti. Swali "mwanamke wa Micheweni mwaka huu ana njia ngapi, na kila njia inamgharimu nini?" lina jibu, na jibu lake linaweza kubadilishwa na bajeti, sheria au mkutano wa shehia.

19. Nataka kuandika utafiti juu ya haya. Nianzie wapi?

Chukua uamuzi mmoja mdogo unaoonekana: kuacha skuli, kuuza kiwanja kwa mwenye hoteli, kuhama Wete kwenda Unguja mjini. Usichukue "uhuru". Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Anza na takwimu za wilaya yako ujue jambo hilo limeenea kiasi gani, kisha ziweke pembeni uende kwa watu.

Watafute waliofanya na wasiofanya, wenye hali zinazofanana. Wasiofanya husahauliwa, na bila yao huwezi kujua kama hali ililazimisha. Usiishie kwenye "kwa nini ulifanya hivi?", kwa sababu kila mtu ana jibu tayari la swali hilo. Uliza: "Ulikuwa unaweza kufanya nini chengine? Nani angekuzuia? Ungepoteza nini?" Kama jambo lina historia, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukasome maombi na malalamiko ya watu wenyewe kabla ya kusoma ripoti za maofisa. Na andika majibu kwa maneno waliyoyatumia, hasa wakisema "sikuwa na budi" au "nilikataa", kisha rudi kwao baada ya muda uulize tena.